Maji Ndani ya Injini: Dawa ya Masizi ya Motokaa

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Munanila



Nimetakiwa na halmashauri ya chama chetu niseme maneno machache juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kuwa la mafundi peke yao, nalo ni namna ya kuondoa masizi ndani ya injini ya petroli kwa kuipulizia maji. Najua ya kuwa wengi tuliokusanyika hapa si mafundi. Tu waalimu, waganga, mabwana shamba, makarani na madereva. Lakini hapana mmoja wetu asiyeitegemea injini. Dawa za zahanati, karatasi za mitihani, mbegu za wakulima, zote hupanda milima hii ya Buha kwa nguvu ya injini. Na mama aliyeshindwa kujifungua hupelekwa hospitali kwa nguvu hiyo hiyo. Injini ikichoka, utumishi wetu huchoka pamoja nayo.

Iko na sababu ya pili, nayo ni nzito zaidi, kwa kuwa yahusu heshima ya mtumishi. Motokaa inapoanza kunywa petroli kuliko desturi yake, mtu wa kwanza kutazamwa kwa jicho la shaka ni dereva. Husemwa kwamba amenyonya petroli akaiuza njiani. Pengine ni kweli, nami sisemi kwamba kila dereva ni malaika. Lakini pengine mwizi yumo ndani ya injini yenyewe, wala hana mikono. Haki yataka tumtafute mwizi huyo kabla ya kumwandikia mwenzetu barua ya kujieleza.

Na tuanze kwa kuuliza, masizi ni nini, nayo hutoka wapi? Mama apikaye kwa kuni ajua ya kuwa kuni mbichi, au moto usiopata hewa, huacha weusi chini ya sufuria. Injini nayo ni jiko. Petroli kilo 1 yataka hewa kadiri ya kilo 15 ili iungue yote pasipo kubaki kitu. Hewa ikipungua, sehemu ya petroli huungua nusunusu, na kilichobaki hugandama juu ya kichwa cha pistoni, kwenye kuta za chumba cha moto, katika valvu na kwenye plagi. Tena ringi za pistoni zikilika, oili hupanda juu ikaungua mahali pasipo pake, nayo huacha ukoko mgumu kuliko ule wa petroli. Zamani palikuwa na uchafu wa tatu, yaani mabaki ya risasi, maana tangu ilipogunduliwa mwaka 1921 kwamba risasi huzuia injini kugonga, petroli ya karibu dunia nzima ilitiwa dawa hiyo. Petroli ya namna hiyo ilikomeshwa katika nchi zetu za Afrika kusini ya Sahara mwanzo wa mwaka 2006, na huo uchafu ukaondoka pamoja nayo. Masizi yenyewe hayakuondoka.

Sasa fikirini habari ya nchi yetu hii. Ziwa Tanganyika liko kadiri ya meta 770 juu ya bahari, na vilima vya Buha hupita meta 1,500. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi; ukiilinganisha na hewa ya pwani, imepungua kama sehemu 1 katika 7. Injini yenye kabureta iliyotengenezwa kwa hewa ya Dar es Salaam haijui kwamba imepanda mlima. Huendelea kumimina petroli ile ile katika hewa iliyopungua, kama mpishi azidishaye kuni katika jiko lililozibwa mlango. Ongezeni juu ya hayo vumbi jekundu la kiangazi lizibalo chujio la hewa, na safari fupi fupi za asubuhi ambazo injini haipati kupata moto wake kamili, tena na choki iliyosahauliwa pasipo kurudishwa. Hapo mtaona kwamba pikipiki au motokaa ya Munanila ina sababu nyingi za kujaa masizi kuliko mwenzake wa pwani.

Dalili zake ni hizi. Kwanza, injini hugonga inapopanda mlima imebeba mzigo, kwa sauti kama ya kokoto ndani ya debe. Masizi yakishika moto hubaki yamewaka kama kaa, nayo huiwasha petroli kabla cheche ya plagi haijafika. Tena kwa kuwa yamejaza nafasi, hewa hubanwa kupita kiasi. Pili, injini ya kabureta hukataa kuzimika. Dereva hutoa ufunguo, nayo huendelea kutetemeka na kukohoa, maana lile kaa lafanya kazi ya plagi. Tatu, nguvu hupungua na petroli huliwa zaidi, hasa valvu zinaposhindwa kukaa sawasawa mahali pake. Nne, plagi husema yenyewe. Ikiwa nyeusi na kavu, petroli imezidi hewa. Ikiwa nyeusi na yenye mafuta, oili yapanda. Ikiwa ya rangi ya udongo wa kahawia hafifu, moto ni mwema.

Baba zetu walioendesha motokaa za zamani walikuwa na dawa moja tu. Kila baada ya maili elfu chache injini ilifunguliwa kichwa, masizi yakakwaruzwa kwa kisu butu au kipande cha mti, valvu zikasagwa, kisha ikafungwa kwa gasketi mpya. Ndiyo dawa iliyo hakika hata leo. Lakini yataka fundi, siku nzima au zaidi, na fedha za gasketi. Na fundi asiye mwangalifu aweza kuikwaruza alumini ya pistoni, au kukaza skrubu bila mpango hata kichwa kikapinda. Ndipo watu wakatafuta njia nyingine, wakaipata katika maji.

Yamkini mtu atastaajabu. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Huyu atuambia tumwage maji jikoni! Lakini injini haiyaogopi maji kama tudhanivyo. Petroli lita 1 ikiungua, hutoa mvuke ambao ukipozwa ungekuwa maji ya kadiri ya lita 1. Ndiyo maana asubuhi ya baridi huku kwetu mwaona ekzosi ikitema mvuke mweupe na matone. Maji, basi, si mgeni ndani ya injini. Neno lililo kubwa ni kiasi chake na namna ya kuingia kwake.

Fundi mzoefu aliujua ushahidi huu kabla ya kusoma kitabu. Gasketi ya kichwa inapopasuka, maji ya rejeta huvuja kidogo kidogo katika silinda moja. Injini ikifunguliwa, pistoni tatu huonekana nyeusi zenye ukoko, na ile ya nne, iliyokuwa ikinyweshwa maji, hung'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Hakuna aliyeipiga msasa. Mvuke ndio ulioifanyia kazi.

Wataalamu nao hawakulala. Mwishoni mwa karne ya 19, Donát Bánki wa Hungaria alinyunyiza maji katika injini ili aweze kuibana hewa zaidi pasipo injini kugonga. Mwaka 1913 Profesa Bertram Hopkinson wa Cambridge, Uingereza, aliwaeleza wahandisi wenzake namna ya kuipoza injini ya gesi kwa kuitia maji ndani ya silinda yenyewe. Katika Vita vya Pili vya Dunia eropleni za Marekani za namna ya P-47 zilibeba tangi la maji yaliyochanganywa na spiriti, ili rubani apate nguvu ya ziada kwa dakika chache. Wajerumani nao walikuwa na mchanganyiko wao, nusu maji na nusu methanoli. Mwaka 1962 kampuni ya Oldsmobile iliuza motokaa iitwayo Jetfire iliyokuwa na chupa ya maji na spiriti chini ya boneti, na mwaka 2016 kampuni ya BMW iliuza M4 GTS yenye mpango wa kujinyunyizia maji. Hao wote walitafuta nguvu na ubaridi. Usafi wa chumba cha moto ulikuwa faida iliyofuata. Sisi twautaka huo usafi wenyewe.

Maji hufanyaje kazi? Njia ni tatu. Ya kwanza ni ya joto. Maji kilo 1 yakigeuka mvuke humeza joto zaidi ya mara 5 kuliko lile lililoyatoa katika ubaridi wa barafu hata kuchemka. Tone dogo likilipiga kaa lililo moto, ngozi ya juu ya kaa hupozwa ghafula na kunywea, na ndani bado kuna moto. Hapo hupasuka, kama jiwe la jikoni linyunyiziwapo maji. Ya pili ni ya kutanuka. Tone lililoingia katika nyufa za masizi hugeuka mvuke uchukuao nafasi kubwa mno kuliko tone lenyewe, likaubandua ukoko kutoka ndani. Ya tatu ni ya kikemia. Kaa lenye moto mkali sana likikutana na mvuke, hubadilika pamoja nao kuwa hewa mbili ziwezazo kuungua, yaani hidrojeni na ile hewa ya sumu ya mkaa. Zikatoka kwa njia ya ekzosi. Njia hizi zikisaidiana, masizi hulainika, huvunjika na kutoka kidogo kidogo.

Sasa nieleze kazi yenyewe, nikisema wazi kwamba maneno haya ni ya injini ya petroli yenye kabureta na silinda nne, kama zile za motokaa kuukuu tulizonazo bado. Maji yawe safi. Maji yenye chokaa yataacha chokaa mahali pa masizi. Bora ni maji ya mvua yaliyochujwa kwa kitambaa safi, na Mungu hakutunyima mvua huku. Gari lisimame uwanjani, wala si ndani ya banda, kwa ajili ya ile hewa ya sumu. Injini ipashwe moto hata kipimo chake kifike mahali pa kawaida, kisha chujio la hewa litolewe. Mtu mmoja ashike akselereta ili injini izunguke kwa kadiri ya mara 2,000 kwa dakika. Mwingine achukue chupa ya kunyunyizia, ile itoayo ukungu, anyunyize katika mdomo wa kabureta pigo moja, angoje injini ijirudie, ndipo anyunyize jingine. Robo lita yatosha, nayo iishe kwa muda usiopungua dakika 10. Injini ikianza kutetemeka na kutaka kuzimika, mkono usimame mpaka ipate nafuu. Moshi mweupe utatoka, na pengine vipande vyeusi. Maji yakiisha, injini iachwe iendelee kuzunguka dakika 5, kisha gari lipelekwe safari ya kilometa 10 au 15 njia ya kupanda, ili mabaki yote yakauke na kutoka. Baada ya hapo oili ibadilishwe na plagi zisafishwe, kwa kuwa maji na masizi mengine hushuka chini penye oili.

Mabwana na mabibi, hapa nawaomba mnitegee masikio kuliko mahali pengine pote, maana hapa ndipo dawa hugeuka sumu. Maji hayabaniki. Hewa hubanwa, petroli iliyochanganyika na hewa hubanwa, lakini maji ukiyafungia katika chungu kisicho na upenyo ni sawa na chuma. Na tupige hesabu. Injini ya ujazo wa sentimeta 1,500 yenye silinda nne, kila silinda ina ujazo wa 375. Ikiwa yabana hewa 9 kwa 1, nafasi ibakiayo pistoni ifikapo juu kabisa ni kama sentimeta 47, yaani vijiko vitatu vya mezani na tone kidogo. Mtu amwagaye maji kwa kopo katika kabureta aweza kuijaza nafasi hiyo kwa kufumba na kufumbua. Pistoni itapanda, itakutana na maji, na kwa kuwa maji hayakubali kubanwa, kitakachokubali ni mkono wa pistoni: utapinda, au utavunjika na kutoboa ubavu wa injini. Katika kunyunyiza kama nilivyoeleza, kila mvuto wa silinda hupata chini ya sehemu ya mia ya sentimeta moja ya ujazo. Tofauti baina ya dawa na maangamizi ni tofauti baina ya umande na gharika.

Pikipiki ya ujazo wa 125, ambayo vijana wetu hupatia riziki kwa kubeba abiria, ni ya hatari zaidi. Kwa hesabu ile ile nafasi yake ni sentimeta kama 16, yaani kijiko kimoja tu cha mezani. Tena ina silinda moja, haina wenzake wa kuisukuma ikizimika. Kichwa cha pikipiki chafunguliwa kwa muda mfupi; ni heri fundi akifungue akisafishe kwa mkono.

Injini ya dizeli msiijaribu kabisa. Magari mengi ya serikali yapandayo milima hii ni ya dizeli, nayo hubana hewa hata 20 kwa 1 na zaidi, hivi kwamba nafasi yake ni finyu mno. Na moshi wake mweusi mara nyingi hutoka kwa pua za dizeli zilizochoka au chujio lililoziba, mambo ambayo maji hayayatibu. Injini yenye taba ni vivyo hivyo, maana matone hupiga mapanga yazungukayo kwa kasi ya ajabu. Motokaa mpya za petroli zisizo na kabureta zina vipima hewa katika njia ya kuvutia, na katika ekzosi zina kipima oksijeni na chujio la moshi, vyote vya bei kubwa. Kuzitia maji bila kujua mahali pa kuyaingizia ni kubahatisha mali ya umma. Hizo ziachiwe fundi aliyefundishwa kazi hiyo.

Tusiyasifu maji kupita kiasi chake. Hayaponyi ringi zilizolika, wala valvu iliyoungua, wala kabureta isiyopimwa. Mahali ambapo oili yapanda, masizi yatarudi baada ya muda mfupi, na kuendelea kunyunyiza kutakuwa ni kupangusa sakafu huku paa lavuja. Ukoko wa miaka mingi wahitaji kufunguliwa kichwa. Lililo jema kuliko yote ni kuzuia. Chujio la hewa lipulizwe vumbi kila juma wakati wa kiangazi. Kabureta ipimwe huku huku milimani, wala si Kigoma mjini. Choki irudishwe injini ipatapo moto. Oili iwe ya namna iliyoandikwa katika kitabu cha gari, nayo ibadilishwe kwa wakati wake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa injini ni ghali.

Sasa narudi kwa ile habari ya heshima. Napendekeza kwa chama mambo matatu, wanachama wakiyaona mema wayapitishe. La kwanza, kila dereva aandike katika kitabu cha safari kilometa na lita kwa namna moja, tangi lijazwe hata juu, safari ifanywe, lijazwe tena hata juu, na karani atie sahihi yake kando. Hesabu ya miezi mitatu iliyoandikwa hivyo ni shahidi asiyepokea rushwa, kwa dereva mwema na kwa dereva mbaya. La pili, ulaji wa petroli ukipanda, kabla ya neno lo lote la kumshuku mtu, plagi zitolewe zitazamwe rangi mbele ya mashahidi wawili, chujio likaguliwe, na mbano wa kila silinda upimwe kwa geji. Silinda inayopita desturi yake yaweza kuwa imejaa masizi. Inayopungua ina valvu au ringi mbovu. Kazi hiyo yaweza kwisha kwa saa moja. La tatu, gari likiisha kusafishwa, kwa maji au kwa kufunguliwa, lipimwe tena kwa namna ile ile. Likirudia ulaji wake wa zamani, dereva apewe haki yake kwa maandishi, na barua yake ikae katika jalada lake kama vile ambavyo barua ya lawama ingalikaa. Lisiporudia, na injini ikionekana nzima, hapo uchunguzi mwingine uendelee, wala asilalamike mtu.

Maana, mabwana na mabibi, mtumishi mdogo hana mali kubwa. Mali yake ni jina lake. Mshahara ukichelewa hungojewa, na cheo kikikawia hutumainiwa. Lakini jina likiisha kuchafuka kwa kosa lililofanywa na masizi, hakuna maji ya mvua yatakayolisafisha upesi. Ni wajibu wetu kuijua mashine kadiri ya kutosha ili tusimhukumu mtu kwa kosa la chuma, wala tusikivunje chuma cha umma kwa haraka ya mtu.

Kama yuko mwenye swali, hasa madereva na mafundi walio hapa, ambao mikono yao yajua mengi kuliko karatasi yangu, namwomba asimame aseme, ili sote tufaidike.